Vyura wa buluu na vyura wa njano: spishi moja, lakini si tangi moja

Swali: Niko Rotterdam, nimeanza kufuga mwaka huu. Nimenunua vyura wanne wa mishale ya sumu, wote wamezaliwa kwa mfugaji. Wawili ni wa buluu wenye madoa meusi, wameandikwa "Azureus". Wawili wana mgongo wa njano na miguu ya buluu, wameandikwa "Citronella". Wana umri wa miezi saba. Risiti inasema wote ni *Dendrobates tinctorius*. Je, kweli ni spishi moja? Nitamjuaje dume na jike? Naweza kuwaweka tangi moja? Na mbona mmoja wa hao wa njano anazidi kupauka?

Jibu: Risiti imesema kweli, ndugu yangu. Wote wanne ni spishi moja. Lakini jibu la kuwaweka tangi moja ni hapana, na sababu yake imo katika maumbile ya vyura wenyewe, kwa hiyo tuanze na maumbile.

*Dendrobates tinctorius* ni chura wa misitu ya kaskazini-mashariki mwa Amerika ya Kusini: Guyana, Suriname, Guyana ya Kifaransa na kaskazini mwa Brazili. Mwanasayansi Mfaransa Cuvier ndiye aliyempa jina, mwaka 1797. Katika eneo hilo lote vyura hawa wamekaa mafungu mafungu. Kilima hiki wana sura yao, bonde lile wana yao, na katikati upo mto mpana au nyika kavu ambayo chura wa msituni haivuki. Kila fungu lenye sura yake ndilo wafugaji wanaloliita mofu. Usiichukulie mofu kama kuku wa mayai na kuku wa nyama, ambao ni kazi ya mkono wa mtu. Hawa ni wenyeji wa mahali, na rangi waliyo nayo ndiyo ya kwao.

Hao wako wa buluu ni mfano mzuri kuliko wote. Kwao ni nyika ya Sipaliwini, kusini kabisa mwa Suriname karibu na mpaka wa Brazili, katika vipande vya msitu vilivyozungukwa na nyasi kama visiwa baharini. Walijitenga huko hadi wakaonekana chura wa namna nyingine kabisa, na mtaalamu wa vyura Marinus Hoogmoed alipowaandika mwaka 1969 aliwapa jina la spishi yao wenyewe, *Dendrobates azureus*. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ukaonyesha kwamba wamo ndani ya *tinctorius*. Jina la zamani halijafutika midomoni mwa wauzaji, ndiyo maana vibao vya dukani vinakuchanganya. Citronella nao asili yao ni Suriname.

Sasa watazame. Usianze na rangi, kwa sababu rangi hudanganya chini ya taa mbaya. Anza na umbo. Azureus akitulia hukaa na nundu: mgongo umepanda nyuma ya mabega kisha ukashuka ghafla kuelekea matakoni. Citronella mgongo wake umelala zaidi na mwili wake ni mpana. Kisha uangalie mahali rangi zinapokutana. Kwa Azureus, mgongo ni samawati, miguu ni buluu iliyokoza, na madoa meusi ya duara yamesambaa kichwani na mgongoni, makubwa kwa madogo, bila mpango. Hana njano popote. Kwa Citronella, njano imeanzia puani ikafunika mgongo kama kitambaa kilichotandikwa, imebaki na vidoa vichache vyeusi, na inakatika ubavuni palipo weusi. Miguu ni buluu, na madoa yake ni haba.

Uhaba huo wa madoa una maana, kwa sababu ipo mofu nyingine, Patricia, ambayo mgeni huifananisha na Citronella. Patricia naye ana njano mgongoni, lakini weusi umeingia ndani ya njano kwa mabaka makubwa hadi njano ikawa mistari na vitanzi, na miguu yake ni samawati iliyojaa madoa. Ukubwa pia ni alama. Spishi nzima huanzia kama sentimita 3 na nusu na kufika 6. Azureus wengi huishia kati ya 4 na 4 na nusu. Bakhuis, kutoka milima ya jina hilo huko Suriname, ni wadogo hivi kwamba mzima wao hulingana na kijana wa mofu nyingine. Chura wa miezi saba hajamaliza kukua, kwa hiyo kwa sasa usihukumu kwa rula peke yake.

Kuna jambo ambalo ukilielewa, swali lako la kupauka litajijibu lenyewe. Ndani ya ngozi ya Azureus hamna rangi ya buluu hata chembe. Ngozi ya chura ina seli za rangi zilizopangwa kwa tabaka tatu. Tabaka la juu lina seli za njano na nyekundu. Chini yake zipo seli zilizojaa fuwele nyembamba mno, ambazo kazi yake ni kurudisha mwanga kama vioo. Chini kabisa zipo seli za melanini, nyeusi. Pale ambapo tabaka la njano halipo, fuwele hurudisha mwanga wa buluu, na weusi ulio chini humeza mwanga uliobaki. Jicho lako likaona buluu. Pale ambapo njano imekaa juu ya vioo vya buluu, utaona kijani, na hiyo ndiyo siri ya jamaa yao wa kijani, *Dendrobates auratus*. Njano ikijaa na vioo vikarudisha mwanga mpana, utaona njano kamili. Melanini ikitawala, ni doa jeusi.

Mtazame Citronella wako kwa mawazo hayo. Miguu yake na mwili wa Azureus ni buluu kwa sababu ileile moja. Wametofautiana mgongoni tu, kwa tabaka la njano ambalo mmoja analo na mwenzake hana. Na njano hiyo chura hutengeneza sehemu yake mwilini, sehemu nyingine, yaani karotenoidi, hana budi kuila. Msituni anaipata kwa kula wadudu wa kila namna. Tangini anakula inzi wa matunda waliolelewa kwenye uji wa viazi au shayiri, ambao hawana karotenoidi za maana. Buluu haipauki kwa chakula, njano na nyekundu hupauka. Ndiyo maana kwako anayepauka ni Citronella, na Azureus wako palepale.

Kabla hujalaumu chakula, ondoa sababu nyingine tatu. Ya kwanza ni kujivua ngozi: chura hufifia na kuwa kama ana ukungu, kisha huvua ngozi na kuila, na saa moja baadaye anang'aa. Huo si ugonjwa. Ya pili ni taa. Chini ya taa ya manjano ya sebuleni, buluu hufa na njano huonekana chafu. Tumia taa ya LED ya kelvini 6500, yaani nyeupe kama mwanga wa mchana, unapolinganisha. Ya tatu ni baridi au woga. Chura aliyebanwa na mwenzake hujificha na rangi yake huwa nzito, bila mng'ao. Kama anapauka na huku anakonda, anajivua ngozi kila mara, au anakaa majini mchana kutwa, acha habari za rangi na umpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua vyura.

Kama anakula vizuri na tumbo limejaa, rekebisha lishe. Vyura wa umri huo wapewe kila siku inzi wadogo wasioruka, *Drosophila melanogaster*, 20 hadi 30 kwa kila chura, na kipimo chako kiwe tumbo la duara na inzi kuisha ndani ya saa chache. Weka inzi kwenye kikombe kikavu, tia unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 na karotenoidi kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili, zungusha hadi inzi wawe weupe, uwamwage tangini papo hapo. Inzi hujisafisha, na baada ya dakika chache unga mwingi umekwisha kudondoka. Kwa hiyo lisha asubuhi, chura akiwa na njaa. Mara mbili kwa mwezi, badala ya unga huo tumia wenye vitamini A kamili, kwa kuwa vyura hawategemewi kuigeuza karotenoidi kuwa vitamini A ya kutosha. Akiikosa, utaona analenga inzi na kumkosa tena na tena, kwa sababu ulimi haunati. Wapo wafugaji wanaotia kijiko kimoja cha chai cha unga wa paprika katika kila kikombe cha chakula kikavu cha inzi. Ni nyongeza nzuri na ya bei rahisi, ila haichukui nafasi ya kalsiamu.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kopo la unga kuukuu. Likishafunguliwa, vitamini zake huharibika. Andika tarehe juu ya kifuniko, liweke kwenye jokofu, na baada ya miezi sita nunua jingine hata kama limebaki nusu. Usitegemee mabadiliko ya wiki moja. Njano hurudi polepole, kwa miezi.

Dume na jike. Kwa *tinctorius* alama ya kuaminika ipo kwenye vidole vya mbele. Mguu wa mbele una vidole vinne, kila kimoja na kisahani kwenye ncha yake. Subiri chura apande kioo, kisha utazame kidole cha pili, cha tatu na cha nne. Kwa dume mzima, visahani vimepanuka karibu mara mbili ya upana wa kidole chenyewe, na ukingo wa mbele umekatwa bapa au umebonyea kidogo katikati kama umbo la moyo. Kwa jike, kisahani ni kidogo, cha duara, kimezidi kidole kwa kiasi tu. Jike pia ni mkubwa zaidi na amejaa kiunoni, lakini jike mwembamba na dume mshibavu hufanana sana, basi vidole ndivyo vya kuamua.

Njia nzuri ni picha. Mweke chura kwenye chombo cha plastiki angavu kwa dakika moja, piga picha kutoka chini ukiwa umeweka rula kando, rudia kila mwezi. Mlinganishe Azureus na Azureus, Citronella na Citronella, maana mofu kubwa ina visahani vikubwa hata kwa majike. Na miezi saba ni mapema mno. Miezi 12 utaanza kuona, na wengine hawajulikani hadi 18. Ukisikia muuzaji anakuuzia "jozi kamili" ya vyura wa miezi mitano, huyo anabahatisha, na wewe ndiye unayelipia. Sauti haitakusaidia sana pia: dume wa *tinctorius* hunong'ona kama simu inayotetemeka mfukoni, na ukiwa hatua tatu kutoka tangini husikii kitu.

Kanuni hiyo ya vidole usiihamishie kwa kila chura wa jamii hii. *Dendrobates leucomelas* wa Venezuela, mweusi mwenye mikanda ya njano, visahani vyake havitofautiani vya kutosha, na dume hujulikana kwa kuimba, mlio mrefu kama wa ndege. Mikanda yake nayo hukatikakatika kwa vidoa vyeusi kadiri anavyozeeka, kwa hiyo kijana na mzee wa mofu moja wanaweza kuonekana mofu mbili. *Phyllobates terribilis* wa pwani ya Pasifiki ya Kolombia, aliyeandikwa mwaka 1978, huzaliwa mweusi mwenye mistari ya njano mgongoni, na hugeuka njano nzima, chungwa au kijani-maziwa anapokua. Yeye ana meno kwenye taya la juu, *Dendrobates* hana. Na *Oophaga pumilio* wa Kosta Rika na Panama, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi, ndiye bingwa wa mofu: katika visiwa vya Bocas del Toro, ambavyo bahari ilivitenga na bara ndani ya miaka 10,000 iliyopita, kisiwa kimoja wana vyura wa chungwa, kingine wa kijani, na Bastimentos peke yake ina wekundu, wa njano na weupe. Mama yake hulisha viluwiluwi kwa mayai yasiyorutubishwa, kwa hiyo si chura wa kuanzia.

Turudi kwenye tangi. Azureus na Citronella, kwa kuwa ni spishi moja, watazaana bila shida, na watoto wao nao watazaa. Jike hutaga mayai machache kwa mkupuo, lakini hurudia mara nyingi kwa mwaka. Baadhi ya watoto watakuwa na mabaka ya njano mgongoni na miguu ya buluu yenye madoa, na hapo rudi juu usome nilivyomweleza Patricia. Mtu atamnunua kwa jina hilo kwa nia njema, atamzalisha na Patricia halisi, na kuanzia hapo hakuna jicho litakalowatenganisha. Vyura wengi wa kufugwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wametoka kwa wazazi wachache walioletwa zamani. Nasaba ikishachanganyika hairudishwi, na msitu wa Sipaliwini hauwezi kufanywa duka la kuchukulia wengine. Hili nalishikilia kwa moyo wote. *Tinctorius* huzaana pia na *auratus* na *leucomelas*, basi nao usiwaweke pamoja.

Sababu ya pili ni ugomvi. Majike wa *tinctorius* hupigania dume. Mmoja humkalia mwenzake mgongoni, humkandamiza uso kwenye majani makavu, na hula mayai yake. Hutaona damu. Utaona mmoja anatoka kula na mwingine hatoki, kisha anakonda, kisha amekufa. Kwa sasa, wakiwa vijana, hao wawili wa mofu moja wanaweza kukaa pamoja. Wakifikisha mwaka, ukigundua ni majike wawili, watenganishe siku hiyohiyo. Jozi moja inatosheka na tangi la sentimita 60 kwa 45 kwa 45, lenye majani makavu ya kutosha kuficha sakafu yote, joto la nyuzi 22 hadi 26 na unyevu usioshuka chini ya asilimia 80. Nyuzi 30 zinaua. Katika ghorofa za juu za huko, wiki moja ya joto kali wakati wa kiangazi inatosha, kwa hiyo panga mapema pa kuwahamishia.

Sababu ya tatu ni ugonjwa, na hapa chura wako wa buluu ana historia yake. Kuvu anayeangamiza vyura duniani, *Batrachochytrium dendrobatidis*, alielezwa na wanasayansi mwaka 1999 kutokana na Azureus aliyefia katika bustani ya wanyama ya taifa huko Washington, na sehemu ya pili ya jina lake imetoka kwa jamii ya chura huyo. Wasomaji wa Tanzania wanamjua kuvu huyu kwa machungu: alikutwa kwa vyura wa Kihansi idadi yao ilipoporomoka mwaka 2003. Kwa hiyo hata vyura wa muuzaji mmoja, watenge kwa makundi siku 30 hadi 60, kwenye vyombo vyenye karatasi ya jikoni sakafuni badala ya udongo, kila kundi na koleo lake na kinyunyizio chake, na utume pamba ya kupangusia ngozi ikapimwe PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kuvu huyo. Glavu zisizo na poda, zilizoloweshwa, ni kwa ajili ya kumlinda chura na mikono yako. Kuhusu sumu usihofu. Msituni huipata kwa kula sisimizi na utitiri, na aliyezaliwa tangini akalishwa inzi hana. Aliyekamatwa porini hubaki nayo kwa miaka.

Risiti yako itunze. Vyura hawa wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1987, na mnunuzi wa kesho ana haki ya kukuuliza walikotoka. Kwenye kila tangi bandika jina la mofu, mwezi wa kuzaliwa na mfugaji aliyewazalisha. Ukiona tangazo la "Azureus madoa haba" au "samawati nyepesi", jua kwamba hapo mfugaji ndiye aliyechagua wazazi wa namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Hiyo ni nasaba ndani ya mofu, haitoki mahali pengine, nayo iandike kwenye kibandiko.

Kisha mpige kila chura picha ya mgongo kutoka juu. Hakuna Azureus wawili wenye madoa yaliyopangwa sawa, kwa hiyo picha hiyo ndiyo kitambulisho chake. Ya huyo Citronella aliyepauka ipige wiki hii, kabla hujabadilisha unga, chini ya taa ileile na karatasi nyeupe kando yake, ili baada ya miezi mitatu uwe na cha kulinganisha.